Maswali ya Wasomaji: Fedha za Barabara na Maendeleo Zigawanywe kwa Kigezo Gani?

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kuhusu namna serikali inavyogawa fedha za miundombinu baina ya kaunti na maeneo mbalimbali ya nchi. Tumechagua nne, tukazifupisha pale palipohitajika, na kila moja tumeipa nafasi kadiri ya uzito wake.

SWALI: Mimi ni mhasibu, nimeishi Donholm kwa miaka mingi na sijawahi kukwepa kodi. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba Nairobi huzalisha zaidi ya robo ya pato la taifa, ilhali katika mgao wa shilingi bilioni 370 wa mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti yetu ilipata takriban bilioni 19.2 pekee. Turkana, yenye watu wasiofika milioni moja, ilipata bilioni 12.6. Je, si busara fedha zielekezwe pale zinapozaa, ili nchi nzima inufaike baadaye? *Msomaji, Donholm*

JIBU: Ndugu yangu, hesabu zako ni sahihi, na ukizigawanya kwa idadi ya watu iliyotolewa na sensa ya 2019 utaona kwamba mkazi wa Nairobi alitengewa takriban shilingi 4,400 huku mkazi wa Turkana akitengewa takriban 13,600. Wala hoja yako si ngeni, kwa kuwa iliwahi kuwa sera rasmi ya nchi hii. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioeleza Ujamaa wa Kiafrika na nafasi yake katika mipango ya uchumi wa Kenya, ulisema wazi kwamba ili uchumi ukue haraka, fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoongeza uzalishaji kwa kiwango kikubwa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye uchukuzi na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Waandishi wake walitoa hata mfano wa hesabu. Pauni milioni moja zikiwekezwa katika eneo moja huenda zikaongeza pato kwa pauni 20,000, na katika eneo jingine kwa pauni 100,000. Basi heri zipelekwe hili la pili, kisha ziada ya pauni 80,000 itumiwe kulisaidia lile la kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba ile sehemu ya pili ya ahadi, ya kurudi na ziada kuwasaidia waliosubiri, haikuwa na sheria ya kuilinda wala tarehe ya kutekelezwa, na wale waliokwisha kupata barabara na umeme walikuwa na sauti kubwa zaidi ya kudai barabara ya pili na stesheni ya pili ya umeme. Zitazame tena zile sifa za eneo bora. Mvua ni majaliwa ya Mungu, lakini uchukuzi na umeme ni matokeo ya fedha za umma zilizotumika hapo awali. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, wakati ambapo Nairobi ilikuwa uwanda wenye chemchemi na kinamasi, ikafika Kisumu mwaka 1901, na shabaha yake ilikuwa kuifikia Uganda. Nairobi ilichaguliwa kuwa kituo na karakana. Wanauchumi waliochunguza historia ya reli hiyo wameonyesha kwamba miji iliyozaliwa kando yake iliendelea kuwa mikubwa kuliko mingine hata baada ya reli yenyewe kudhoofika, kwa sababu shule, hospitali, maduka na watu vilikuwa vimekwisha kukusanyika hapo. Tukisema leo kwamba Nairobi inastahili zaidi kwa kuwa inazalisha zaidi, tunaulipa mji huu kwa uwekezaji ambao haukutokana na jasho lake peke yake.

Nami nashikilia kwamba uzalishaji wa eneo hauwezi kuwa kigezo kikuu cha kugawa fedha za kesho, kwa maana kwa sehemu kubwa ni kivuli cha fedha za jana.

Jambo la pili, ile robo ya pato inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Benki, kampuni za simu na za bima zina makao makuu hapa, na kodi zao nyingi hulipwa hapa, ingawa wateja wao wametapakaa kutoka Vanga hadi Lodwar. Maji tunayokunywa hutoka kwa sehemu kubwa katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a. Umeme wetu hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, na siku hizi pia kwenye mitambo ya upepo iliyoko Marsabit. Mbuzi anayechinjwa Kiamaiko amelishwa malisho ya Kaskazini. Yote haya huhesabiwa kuwa ya Nairobi pale yanapouzwa au kuongezewa thamani, na si haki kuwaambia watu wa maeneo hayo kwamba hawajachangia.

Ipo sababu ya tatu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Utafiti wa wanauchumi kadhaa uliochapishwa mwaka 2015, uliochunguza ujenzi wa barabara nchini Kenya tangu 1963 hadi 2011, ulibaini kwamba wilaya zilizokuwa na wakazi wengi wa kabila la Rais aliyekuwa madarakani zilitumiwa fedha za barabara maradufu ya mgao unaolingana na idadi ya watu wake, na kilomita za lami zilizojengwa huko zilikuwa karibu mara tano. Jambo la kutia moyo ni kwamba upendeleo huo ulikaribia kutoweka katika vipindi vya demokrasia ya vyama vingi. Kwa hiyo kanuni ya ugavi iliyoandikwa, ikapitishwa na Seneti na kuchapishwa mbele ya macho ya kila mtu, ina kazi mbili: kusaidia maeneo maskini, na kuitoa kalamu mikononi mwa mtu mmoja. Kanuni ya kwanza, iliyotumika baada ya uchaguzi wa 2013, iliipa idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa ardhi asilimia 8 na nidhamu ya matumizi asilimia 2. Kanuni ya tatu, iliyopatikana Septemba 2020 baada ya Seneti kuvutana kwa majuma mengi, ilipunguza uzito wa idadi ya watu na kuweka pia mahitaji ya huduma zenyewe, yakiwemo afya kwa asilimia 17, kilimo kwa asilimia 10, barabara kwa asilimia 8 na huduma za miji kwa asilimia 5.

Hicho cha mwisho kilikuwa jibu kwa malalamiko yako, na nakubaliana nawe kwamba kilikuwa kidogo. Taka, maji taka, msongamano wa magari na wageni wanaoingia mjini kila asubuhi kutafuta riziki kisha wakarudi Kiambu, Machakos na Kajiado jioni ni mizigo ambayo sensa haiihesabu. Kaunti ya Nairobi ina haki ya kuidai nyongeza hiyo kwa hoja ya mahitaji, na hoja hiyo ina nguvu kuliko ya kusema kwamba sisi ndio tunaozalisha.

Jambo moja zaidi, ambalo wanaobishana kuhusu mgao wa kaunti hulisahau mara nyingi. Sehemu kubwa ya fedha za miundombinu haipiti kabisa katika kanuni hiyo. Barabara kuu, njia za umeme, reli na bandari hujengwa na serikali ya kitaifa, nazo hazina kanuni ya ugavi inayozibana. Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, iligharimu takriban shilingi bilioni 327, na katika mwaka wa fedha wa 2017/18 kaunti zote 47 kwa pamoja ziligawana bilioni 302. Ni kweli kwamba gharama ya reli ilitandazwa kwa miaka kadhaa na kwamba ni mkopo, lakini deni hilo hulipwa na mkazi wa Mandera kama linavyolipwa na wewe. Barabara ya Thika, barabara ya juu inayotoka Mlolongo hadi Westlands ambayo mwenye gari huilipia, barabara za kupitia pembezoni mwa mji: ukiijumlisha miradi yote ya kitaifa iliyosimama ndani na kandokando ya Nairobi, utaona kwamba jiji hili halijaachwa nyuma hata kidogo. Laiti ule umakini ambao maseneta huutumia kupima kila asilimia ya mgao wa kaunti ungetumiwa pia kuuliza ni kwa nini barabara fulani ya kitaifa ilitangulia nyingine.

SWALI: Nilizaliwa Wajir, na sasa naishi Eastleigh na wajukuu. Tuliambiwa kwamba Katiba ya 2010 iliweka hazina maalumu ya kutufikisha mahali ambapo wenzetu walikwisha kufika. Miaka imepita. Hazina hiyo ilikwenda wapi, na je, bado ipo? *Msomaji, Eastleigh*

JIBU: Mzee wetu, bado ipo, na una haki ya kuuliza kwa uchungu. Wewe ni wa kizazi kilichoishi chini ya hali ya hatari iliyowekwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini karibu na wakati wa uhuru na ambayo haikuondolewa hadi 1991, miaka ambayo askari waliijua njia ya Wajir vizuri kuliko wahandisi wa barabara. Kifungu cha 204 cha Katiba kilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa kukiri historia hiyo. Kinaagiza kwamba nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya taifa, yanayokokotolewa kwa hesabu za hivi karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, itengwe kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, mpaka ubora wa huduma huko ulingane, kadiri inavyowezekana, na ule wa sehemu nyingine za nchi.

Utekelezaji ndio uliotuangusha. Tume ya Ugavi wa Mapato ilianza kwa kuzitaja kaunti 14, zikiwemo Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Turkana, Tana River, Lamu na Kwale. Ukafuata mvutano wa muda mrefu kuhusu nani hasa atumie fedha hizo, serikali ya kitaifa au kaunti, na kanuni za kwanza za kuisimamia Hazina zilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019. Wakati mvutano huo ukiendelea, kiasi kikubwa cha fedha zilizopaswa kuingia kwenye Hazina hakikutolewa. Sera ya pili ya Tume iliacha kutaja kaunti nzima na badala yake ikaorodhesha maeneo 1,424 yaliyo katika kaunti 34.

Mabadiliko hayo yana haki yake, kwa kuwa hata ndani ya kaunti inayohesabiwa kuwa na nafuu kuna kata ambayo mama mjamzito hubebwa kwa machela hadi zahanati. Hata hivyo nina wasiwasi nayo. Kiasi kile kile kikisambazwa katika maeneo zaidi ya elfu moja, kila eneo hupata fedha za kisima au za jengo dogo, na jambo ambalo Kaskazini imelikosa kuliko yote, yaani barabara ndefu inayounganisha masoko na njia ya umeme inayozifuata nyumba, haliwezi kujengwa kwa vipande vya namna hiyo. Ningependa kuona sehemu ya Hazina ikiwekwa kando kwa ajili ya miradi inayovuka mipaka ya kata na ya kaunti.

Jambo la haraka zaidi ni muda. Katiba inasema Hazina itakoma miaka 20 baada ya kuanza kutumika kwa Katiba yenyewe, yaani mwaka 2030. Bunge linaweza kuurefusha muda huo kwa sheria, lakini sheria hiyo yahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Wabunge wanaotoka maeneo hayo waulizwe sasa wamefanya nini kuhusu hilo, na waulizwe pia ni vipi muda uhesabiwe kuwa umekwisha ilhali fedha zenyewe hazikutoka.

Usikate tamaa kabisa. Mgao wa kawaida wa kaunti, hata kwa kasoro zake, umefanya kazi ambayo miaka 50 ya serikali kuu haikuifanya. Miji ya Wajir na Mandera ilipata lami yake ya kwanza baada ya ugatuzi.

SWALI: Ninasomea uchumi na ninaishi Kahawa Wendani. Mhadhiri wetu alituuliza kama barabara huleta ukuaji wa uchumi au huufuata tu, na darasa likagawanyika. Mwaonaje? *Msomaji, Kahawa Wendani*

JIBU: Dada yetu, swali hili lingekuwa rahisi iwapo serikali zingejenga barabara kwa kupiga kura ya bahati nasibu. Kwa kuwa hujenga pale zinapotarajia ukuaji, au pale zinapotafuta kura, si halali kuiangalia barabara na utajiri ulio kandokando yake kisha tukasema kimoja kimezaa kingine.

Anza na mahali unapoishi. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa karibu kilomita 50, ilizinduliwa Novemba 2012. Mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi takriban 239,000 katika sensa ya 2009, na takriban 490,000 katika ile ya 2019. Mashamba ya kahawa yaligeuka kuwa nyumba za kupanga mbele ya macho yetu. Hata hivyo yakupasa kujiuliza: wakazi hao wapya walitoka wapi? Wengi wao wangeishi Nairobi kama barabara isingekuwapo, na kazi wanazozifanya bado ziko Nairobi. Sehemu ya kile tunachokiita ukuaji wa Ruiru ni watu na fedha kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mwanauchumi mwangalifu hutenganisha uhamaji huo na pato jipya lililoongezeka kwa taifa zima. Sisemi kwamba hakuna pato jipya. Saa zilizookolewa barabarani ni pato.

Ushahidi wa nchi nyingine umechanganyika, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Huko India, utafiti wa kina wa kumbukumbu za enzi ya Waingereza ulionyesha kwamba reli ilipoifikia wilaya, pato halisi la kilimo katika wilaya hiyo lilipanda kwa takriban asilimia 16, kwa sababu mkulima aliweza kuuza mbali kile alichokilima vizuri na kununua kutoka mbali kile alichokikosa. Uchina ilitoa jibu tofauti. Mtandao wa barabara kuu ulijengwa kuunganisha miji mikubwa, na wilaya ndogo zilizotokea kuwa njiani zikakua polepole kuliko zile zilizobaki bila barabara hizo, hasa katika viwanda. Bidhaa za miji mikubwa ziliweza sasa kuzifikia wilaya hizo kwa bei nafuu, na karakana ndogo za huko hazikuhimili ushindani. Barabara ina pande mbili, na lori linaloingia likiwa limejaa huweza kutoka tupu.

Sasa njoo na mafunzo hayo Kenya. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilijengwa kwa awamu na kukamilika katikati ya muongo uliopita. Kabla yake, lori la mifugo lilichukua siku mbili au tatu, zaidi ikiwa mvua imenyesha, na madereva wengi walikwenda kwa misafara kwa kuogopa majambazi. Leo safari hiyo ni ya siku moja. Mnyama hufika sokoni Nairobi akiwa hajakonda, na mnunuzi wa Moyale hujua bei ya Nairobi kabla ya kufika. Maziwa ya ngamia yanayokusanywa na akina mama wa Isiolo hupakiwa kwenye mabasi na kuuzwa Eastleigh. Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Moyale, na wafanyabiashara wa Kenya na Ethiopia sasa wanaweza kukaguliwa mahali pamoja. Haya ni manufaa ya kweli, na yamewafikia watu ambao Waraka wa 1965 uliwahesabu kuwa wa kusubiri.

Lakini tazama pia kile ambacho hakijaja na barabara. Kichinjio cha kisasa kilichoanza kujengwa Isiolo kilikaa miaka mingi bila kukamilika, na kwa hiyo mnyama aliendelea kusafirishwa akiwa hai. Kuchinja, kuchuna, kutengeneza ngozi na kusindika nyama ni kazi zinazofanyika mwisho wa safari, na mishahara yake hubaki huko. Mfano mwingine ni mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, ulio na mitambo 365 na uwezo wa megawati 310 katika Kaunti ya Marsabit. Ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme yenye zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado ukitegemea jenereta za dizeli. Nguzo kubwa zilipita juu ya vichwa vya watu kuelekea kusini. Mtu akisoma bajeti tu, atasema Marsabit ilipata uwekezaji mkubwa kuliko karibu kaunti zote. Akifika huko, atauliza uwekezaji huo ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mhadhiri wako ni kwamba barabara huleta ukuaji pale inapokuta kitu cha kuuza, watu wenye ujuzi wa kukiongezea thamani, umeme wa kuendeshea mashine, na serikali ya mahali inayoweza kusimamia. Umoja wa Ulaya umekuwa kwa miongo mingi ukiyapa fedha za ziada maeneo ambayo pato lake kwa kila mtu haliifikii asilimia 75 ya wastani wa Umoja huo. Watafiti waliochunguza matokeo yake walikuta kwamba kwa jumla ruzuku hizo ziliongeza ukuaji, lakini manufaa yaliangukia maeneo yenye wafanyakazi walioelimika vya kutosha na serikali zinazofanya kazi vizuri. Kwingineko fedha zilipita bila kuacha alama ya maana. Wapo watakaolitumia jambo hili kusema kwamba maeneo maskini yasipewe. Mimi nalisoma kwa njia nyingine: fedha za barabara ziandamane na za vyuo vya ufundi, za umeme wa vijijini na za kuwafunza wahandisi na wahasibu wa kaunti, tena katika mpango mmoja, badala ya kila wizara kwenda peke yake kwa wakati wake.

Usisahau na kalenda ya fedha. Kifungu cha 219 cha Katiba kinaagiza kwamba mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa, lakini kila mwaka tunasikia magavana wakilalamikia miezi iliyopita bila fedha. Mkandarasi asiyelipwa huondoa mashine zake. Akirudi, mvua imekwisha kuufukua msingi wa barabara, na kilomita ileile hulipiwa mara ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha tena na tena kaunti nyingi zikishindwa kutumia kiwango hicho. Kama unatafuta mada ya tasnifu, chunguza hapo. Ripoti hizo hutolewa hadharani kwa kila kaunti, na hakuna kanuni ya ugavi, hata iwe ya haki namna gani, inayoweza kuleta ukuaji kwa fedha ambazo hazikufika au zilizofika na kuishia kwenye mishahara na safari.

SWALI: Barabara ya mtaa wetu huku Mihang'o haipitiki mvua ikinyesha. Ofisi moja ilituambia si yao, ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza, na Mbunge akasema tumwone Mwakilishi wa Wadi. Barabara hii ni ya nani, na tuanzie wapi? *Msomaji, Mihang'o*

JIBU: Mama yetu, pole kwa kuzungushwa. Kisheria kila barabara ina mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za kitaifa zilizo mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Zilizobaki ni za kaunti, na barabara nyingi za ndani ya mitaa ziko katika kundi hili. Andikieni afisi ya barabara ya kaunti, kwa barua yenye sahihi za wakazi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, mkiuliza swali moja tu: barabara hii imesajiliwa chini ya nani? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila mwananchi haki ya kujibiwa, na afisi inapaswa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Jibu likija kwa maandishi, hakuna atakayeweza kuwarudisha nyuma tena.

Ikiwa ni ya kaunti, basi tarehe ndizo zitakazowasaidia au kuwaangusha. Watu wengi hujitokeza kwenye mikutano ya bajeti mwezi Mei, wakati makadirio yalikwisha kufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na kilichobaki ni kupunguza huku na kuongeza kule. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, na mradi usiokuwemo humo ni vigumu sana kuupatia fedha baadaye. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Kwa hiyo mpelekeeni Mwakilishi wenu wa Wadi ombi mwezi Julai au mwanzoni mwa Agosti, na mhakikishe kwa macho yenu kwamba jina la barabara limeandikwa kwenye mpango, pamoja na urefu wake na mahali inapoanzia na kuishia.

Mkiweza, ombeni mitaro ijengwe pamoja na barabara. Huko Mihang'o udongo mweusi hushika maji, na changarawe iliyomwagwa bila mtaro huchukuliwa na mvua ya kwanza. Waulizeni pia ni kiasi gani kimetengwa kwa ukarabati wa mwaka wa pili, na kama hakuna, ombeni kiandikwe.